Omolo Spein na Goli la Rongai

Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, wote walimwita Omolo Spein. Wengi hawakujua jina lilitoka wapi. Lilitoka kwa karani wa shamba la maua ya pareto kule juu Molo, mtu aliyekuwa na redio wakati redio zilikuwa za kuhesabika. Karani alisikia habari za Mspania mmoja ambaye kila Jumapili ilikuwa lazima afunge goli. Akawaambia wachumaji, "Basi huyu Omolo ndiye Spein wetu." Jina likakaa.

Omolo hakusoma. Alikuwa wa kubeba magunia ya pareto na kuyapanga kwa mtambo wa kukausha. Lakini Jumapili, watu wakitoka kanisani, aliingia uwanjani miguu mitupu na mashamba jirani wakajua leo wamekwisha. Walimwekea watu wawili wa kumkaba, akapita. Wakaweka watatu, akafunga kwa kichwa. Shamba moja walichimba mashimo upande wake wa uwanja wakayafunika na nyasi. Siku hiyo alihamia upande ule mwingine, akafunga mawili.

Goli lililomtoa shambani lilikuwa la Rongai. Ilikuwa fainali ya mashamba, wao wa pareto na wale wa shamba la ng'ombe. Walikuwa sare mpaka jua likaanza kuinama, kisha Omolo akafunga. Mzee mmoja wa timu ya reli alikuwa hapo. Wiki iliyofuata Omolo alikuwa Nakuru, amepewa njumu za kwanza maishani mwake, na zilimuuma kuliko mabeki. Akacheza mpaka uwanja wa Afraha, wakambeba mabegani. Halafu goti likakataa. Wakambeba mara ya mwisho, kumtoa nje, na huo ukawa mwisho wa kubebwa. Akawa bawabu wa ghala la mahindi mpaka akazeeka.

Mkewe alikuwa Wangare, msichana wa kuchuma pareto shamba lile lile. Huko Kaptembwo aliuza mboga mlangoni, akamlea Peterson, mtoto wao mmoja. Na jioni, wageni wakija, kulikuwa na mchezo wao wawili.

Mgeni alikuwa akisema, "Spein, hebu tupe lile la Rongai."

Omolo anaanza, uso mkavu kabisa. "Niliuchukua mpira na kifua, nikaupiga na mguu wa kulia..."

"Wacha uongo, Baba Peterson," Wangare anadakia kutoka kwa jiko. "Kulia gani? Na haikuwa kifua."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo. Endelea, lakini useme ukweli."

Siku nyingine alisema kichwa. Siku nyingine alisema aliwapiga chenga watu wanne. Alifanya makusudi, apate kukatizwa. Wangare alikuwa anairudisha hadithi barabarani, wageni wakicheka, na Omolo akivuta kiti karibu na moto. Alipenda kukatizwa kuliko alivyopenda goli lenyewe.

Mwezi wa nne Wangare akafa. Aliamka akasema kichwa kinamgonga. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaenda. Walimzika Molo, kwa kipande cha shamba cha Peterson, mvua ikinyesha.

Majirani walikuja kukaa na Omolo. Mmoja, kwa nia nzuri tu, akasema, "Mzee Spein, tupe lile la Rongai. Mama alilipenda."

Omolo akaanza. "Niliuchukua mpira na kifua, nikaupiga na mguu wa kulia."

Akangoja.

Watu walimwangalia. Wakadhani amemaliza. Wakapiga makofi polepole, kama ya matanga. "Safi sana mzee," wakasema. "Mguu wa kulia!"

Alitaka kuwaambia si hivyo. Alipeleka mawazo Rongai akakuta mguu wa kulia, na wa kushoto, na kichwa, na wale watu wanne, vyote vimesimama pamoja na vyote vinafanana. Miaka yote hiyo hakuwa ameshika ukweli yeye. Ulikuwa kwa Wangare. Sasa Wangare alikuwa chini ya udongo na goli lilikuwa naye, na huku juu watu wanapigia uongo makofi.

Kuanzia hapo chakula hakikushuka vizuri. Alimpigia Peterson simu, akamwambia anataka kwenda Naivasha.

"Naivasha kuna nini, baba?"

"Kuna Kimeli."

"Kimeli ni nani?"

"Kipa."

"Baba, si upumzike?"

"Nitapumzika nikirudi."

Kimeli ndiye aliyekuwa golini siku ile, upande wa shamba la ng'ombe. Wengine wote wa siku ile walikuwa wamekufa. Omolo alikuwa amesikia anaishi kwa binti yake, Joan, anayefunga maua huko mashambani karibu na ziwa. Aliuliza, akaelekezwa, akafika mchana.

Joan alimpeleka nyuma ya nyumba. Kimeli alikuwa ameketi juani, kofia usoni, kikombe kitupu kando yake.

"Nani?" Kimeli aliuliza.

"Omolo."

"Omolo wako wengi."

"Spein."

Kimeli akatoa kofia usoni, akamwangalia kutoka miguuni kwenda juu. "Umezeeka vibaya," akasema. "Umekuja kunifunga tena?"

"Na wewe ungedaka nini? Hata kikombe hicho kinakushinda."

Wakashikana mikono, wakakataa kuachana kwa muda. Joan akacheka akaenda kupika chai.

Omolo hakuzunguka. "Kimeli. Lile goli la Rongai. Nilifunga na nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Wewe ulikuwa golini."

"Nilikuwa golini, lakini sikuona."

"Hukuona namna gani?"

Kimeli akatema mate kando. "Wewe hujui? Miaka hii yote hujaambiwa?" Akasogeza kiti. "Mimi nilikuwa mchunga ng'ombe wa yule mzungu mwenye shamba. Jumapili hiyo niliwafungia ng'ombe boma na kamba tu, ndio nije nicheze. Mahindi ya bwana yalikuwa hapo kando. Wakiingia, kazi imekwisha, nyumba imekwisha, mama yangu analala barabarani. Sasa kipindi cha pili kuna msichana amekuja kusimama nyuma ya goli langu. Kitambaa cha manjano. Amenyamaza tu. Nikasema huyu ameona kijana mzuri."

"Endelea."

"Ukashika mpira. Unakuja. Nimejipanga vizuri, ningekudaka kama kuku. Huyo msichana akapiga kelele, 'Kimeli! Ng'ombe wako ndani ya mahindi!' Kwa jina langu! Nikageuka. Nilipoangalia tena, watu wenu wanaruka na mpira unaviringika huko nyuma."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wamelala. Wanacheua tu." Kimeli akapiga goti lake. "Alikuwa ameuliza jina langu kwa watu. Ameuliza mpaka kazi yangu. Nilimtafuta nimchape, nikasikia ameolewa na wewe. Nikasema, hao wamepatana, wezi wawili."

Omolo akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilitoka tumboni, hakikuwa kimetoka tangu mwezi wa nne. Mwanamke huyo! Alimrekebisha mguu, akamrekebisha kifua, na la ng'ombe akalifungia rohoni maisha mazima. Omolo akaona jinsi atakavyofanya. Atafika nyumbani, aketi, anyamaze. Mgeni aulize. Naye aseme polepole, bila kumwangalia Wangare, "Ng'ombe walikuwa ndani ya mahindi." Aone sufuria itakavyomtoka mkononi.

Alikuwa ameshapanga mpaka maneno. Ndipo akakumbuka.

Kicheko kikabaki mdomoni, hakina pa kwenda.

Kimeli hakuona. Alikuwa bado anapangusa macho. "Mbona hukuja naye? Nina maneno na yeye. Aniombe msamaha kabla sijafa."

"Ametuacha," Omolo alisema.

Kimeli akavua kofia. Akaishika juu ya magoti, akaikunjakunja. Joan alileta chai, akaona nyuso zao, akaiweka chini akaondoka.

"Sasa hakuna mtu aliyeona lile goli," Kimeli akasema baadaye.

"Hakuna."

Chai ilipoa. Omolo akaangalia mikono yake, kisha akasogea mpaka magoti yao yakagusana.

"Alisemaje?"

"Nani?"

"Wangare. Siku hiyo. Sauti yake ilikuwaje? Sema vile alisema."

Kimeli akamwangalia. Akasafisha koo. Akainua kidevu na kwa sauti nyembamba, ya mzee anayejaribu kuwa msichana, akaita, "Kimeli! Ng'ombe wako ndani ya mahindi!"

Joan alitoka mbio. "Ng'ombe gani, baba? Hapa hakuna ng'ombe!"

Omolo alikuwa amefumba macho.

"Juu kidogo," akasema. "Sauti yake ilikuwa juu kidogo. Rudia."

Kimeli akarudia.