Kuku Wangu Hewani

Redio yangu ilikufa wakati mbaya, msimu wa kusuka viondo, vikapu vyetu vya katani, wakati mikono ina kazi na masikio hayana. Nilimlalamikia binti yangu kila alipopiga simu, hadi akachoka. Mwisho wa mwezi alipokuja nyumbani kutoka Mlolongo, anakopanga chumba, aliniletea vile vidude vya kutia masikioni. Akaketi nami barazani na kunifunza kusikiliza podikasti.

"Mwaitu," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, "hii ni kama redio, lakini inakungoja. Ukienda kukoroga uji inasimama hapo hapo."

Sikuwa nimewahi kukutana na kitu cha kuningoja. Maisha yangu yote mimi ndiye niliyengoja: mvua, daktari, watoto. Nikaamua kujaribu.

Nilianza na dini, kwa heshima. Kulikuwa na mchungaji na katekista waliobishana kwa upole juu ya kubatiza watoto wachanga. Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa nikajikuta nakubaliana na mchungaji, nikashtuka, nikazima. Nikahamia kwa vijana wawili wanaogombana kuhusu mpira. Sijawahi kutazama mechi hadi mwisho, lakini baada ya muda nilikuwa na maoni makali kuhusu mabeki. Kulikuwa pia na msichana anayesimulia ni mwanamuziki gani ameachana na nani, na huyo nilimsikiliza nikijifanya nimempata kwa bahati mbaya. Halafu kulikuwa na mwalimu mstaafu. Yeye alieleza mtaala mpya kwa utaratibu mzuri, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwa nini wajukuu wa jirani yangu walikuja kila jioni kuniomba maboksi na manyoya ya kuku. Nilisuka viondo vingi msimu ule kuliko msimu mwingine wowote.

Siasa niliipata mwenyewe. Binti yangu hakunionyesha, na jambo hilo lilipaswa kunishangaza. Alijiita mwanamke kijana tu, bila kutaja jina, sauti yake imegeuzwa na mashine ikawa nzito, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Kila Ijumaa alizungumzia barabara zilizojengwa kwenye karatasi tu, ushuru, na vijana wanaochukuliwa na watu wenye magari yasiyo na nambari. Alisema yale ambayo sisi huyasema jikoni mlango ukiwa umefungwa. Nilimpenda mara moja, nikampeleka kwa wanawake wenzangu.

Wanawake wenzangu ni wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Leo tunachimba mitaro ya kuzuia maji shambani mwa huyu, wiki ijayo mwa yule. Siku hiyo tulipoketi kula, niliweka simu ndani ya karai tupu ili sauti ivume, tukamsikiliza yule kijana huku tukitafuna muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Mwenyekiti wetu, ambaye pia ni jirani yangu wa ua kwa ua, alitikisa kichwa.

"Huyu mtoto ako na mama kweli?" akauliza. "Mimi ningekuwa mamake ningemfungia kwa stoo, niweke kufuli."

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote.

Sasa lazima nieleze habari ya kuku. Huku kwetu, upande wa Katelembo, kila mwanamke ana wito wake wa kuku. Maboma yamekaribiana na kuku hushinda wamechanganyikana mitaroni, kwa hiyo jioni kila mmoja huita wake kwa namna yake, na kuku hawakosei. Wito wangu niliurithi kwa mama yangu. Unaanza kwa kuviringisha ulimi, krrr, kisha tio, tio, tio, na mwisho filimbi inayopita kwenye pengo la meno ya mbele. Pengo hilo nalo nililirithi kwake. Hakuna mwingine kwenye kilima chetu anayeita hivyo.

Ijumaa moja alasiri nilikuwa barazani nasokota katani. Yule kijana wa sauti nzito alikuwa akisimulia juu ya mama mmoja ambaye mwanawe alichukuliwa, na ambaye bado humpakulia chakula kila siku. Akanyamaza kidogo, nadhani akimeza mate. Ndani ya ule ukimya, mbali sana nyuma yake, nikasikia: krrr, tio, tio, tio, na filimbi.

Kwanza nilidhani nimeita mwenyewe bila kujua. Niligusa mdomo wangu. Kuku walikuwa wamelala kivulini, hawana habari. Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena, na tena. Mashine ilikuwa imeufanya wito mzito kidogo, lakini ulikuwa wangu, filimbi na pengo lake. Kisha yule kijana akaendelea kusema, na safari hii nilimsikia binti yangu. Alivuta pumzi katikati ya sentensi kama alivyofanya tangu akiwa darasa la kwanza akinisomea kitabu.

Kila kitu kikajipanga. Mlolongo malori hunguruma usiku na mchana na kuta za vyumba ni nyembamba, ndiyo maana alikuja nyumbani mara kwa mara. Alijifungia katika chumba chake cha zamani, blanketi limefunika dirisha. Mimi nikawa nawanyamazisha wageni: msipige kelele, mtoto anafanya kazi ya mtandao. Kumbe mpiga kelele nilikuwa mimi.

Nilikimbilia chooni nikajifungia. Nilikaa huko nikifikiria wale wanawake na lile karai. Niliwafundisha mimi mwenyewe kumsikiliza mwanangu. Kama mimi nimeusikia wito, nani mwingine ameusikia? Kuna mtu ameketi mahali fulani, kazi yake kusikiliza, na siku moja atapita kilimani kwetu jioni.

Sikumpigia simu. Simu yenyewe nilianza kuiogopa, nikawa naifunika kwa kitambaa kama kioo cha nyumba yenye msiba. Nilingoja hadi alipokuja.

Nilimwambia tukiwa tunachambua maharagwe. Hakukana. Alinitazama, kisha akacheka kidogo, na kicheko hicho kiliniudhi hadi nikamrushia ganda.

"Mwaitu, hao watu wako na mashine za kusaka mtu hadi chini ya kitanda," alisema. "Hawahitaji kuku wako."

"Kwa hivyo unajua wanakusaka?"

Akaweka chini ganda alilokuwa ameshika. Nilitamani angeendelea kucheka.

"Wacha hiyo kitu," nilimwambia. "Ongea juu ya mpira. Ongea juu ya waimbaji. Mbona hao wengine wanaongea na mama zao wanalala?"

"Nikiacha, wewe utalala?"

"Nitalala."

"Basi ni mimi sitalala," alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Nilikasirika siku nzima. Nilimwita mjinga, nikamwita mwenye kichwa kigumu wa upande wa babake. Alinikubalia jambo moja tu: hatarekodi tena nyumbani. Angejifungia ndani ya kabati la nguo huko Mlolongo, katikati ya makoti. Asubuhi alipoondoka nilimwangalia hadi alipoishia kwenye kona, na baada ya hapo nikaendelea kuangalia kona.

Mimi nikaacha kuita kuku. Nilikuwa nagonga sufuria kwa mwiko. Kuku hawakuelewa. Wengine walilala juu ya michongoma, wengine wakaenda kwa jirani, na nguchiro akajichagulia mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti aliniuliza juu ya ua mbona siiti siku hizi. Nikasema koo linaniuma. Akaniangalia kwa muda, akasema ninywe tangawizi.

Podikasti nyingine zote zikanishinda. Vijana wa mpira walipozozana nilisikia kelele tu. Yule mwalimu mstaafu nilimwacha katikati ya darasa la sita. Nilisikiliza ya Ijumaa peke yake, na hata hiyo sikusikiliza maneno. Nilisikiliza kama anapumua sawasawa, kisha nikasikiliza ukimya ulio nyuma yake, nikihakikisha hakuna mlango unaofunguliwa.

Kisha wanaume wawili wakaja.

Wanunuzi wa kuku tunawajua. Huja kwa pikipiki, tenga limefungwa nyuma, na kabla hawajasalimia huwa wameshahesabu kuku kwa macho. Hawa walikuja kwa miguu, na gari lao lenye vioo vyeusi lilisimama barabarani, injini inaunguruma. Hawakuwa na tenga. Viatu vyao vilikuwa visafi.

"Habari ya hapa, mama," alisema mmoja. "Tunatafuta kuku za kienyeji. Tumesikia uko nazo."

"Mmeambiwa na nani?"

"Watu tu." Alitabasamu. Mwenzake alikuwa akiangalia dirisha la chumba cha binti yangu. "Ziko wapi?"

"Zimetawanyika huko mitaroni."

"Si uziite tuzione?"

Nakumbuka nilikuwa nimeshika ungo wa mahindi. Nilifungua kinywa. Nilijua kwamba nikiita, nimemtoa mwanangu. Nikikataa kuita kuku wangu mwenyewe jioni, mbele ya mnunuzi, pia nimemtoa. Yule mtu alingoja, bado anatabasamu.

Ndipo ng'ambo ya ua sauti ikapanda: krrr, tio, tio, tio. Filimbi ilikuwa ya ovyo, hewa tupu kwa sehemu kubwa, kwa sababu mwenyekiti wetu meno ya mbele hana kabisa. Lakini ilikuwa filimbi yangu. Kabla haijaisha, mwingine akaitikia kutoka mtaro wa chini, krrr, tio, tio, tio. Kisha wa tatu juu kule karibu na barabara, nyuma ya gari lao. Kuku wa kilima kizima wakachanganyikiwa. Wangu walikimbilia kwa jirani, wa jirani wakaja kwangu, jogoo mmoja akapita katikati ya miguu ya yule mwenye kuangalia dirisha, naye akaruka kando.

"Kwani huku nyote mnaita hivyo?" aliuliza wa kwanza. Tabasamu lilikuwa limepungua.

"Kuku huitwa vipi kwenu?" nilimuuliza. Sijui nilitoa wapi sauti.

Walinunua kuku mmoja. Mmoja wao alimbeba kwa bawa moja, mkono mbali na mwili, huku kuku akimpigapiga kwa lile jingine. Hadi leo sijui walikuwa nani. Huenda walikuwa wafanyakazi wa ofisi tu waliotaka kitoweo cha wikendi. Najiambia hivyo nikiwa na nguvu. Nikikosa nguvu, namkumbuka yule aliyeangalia dirisha.

Mwenyekiti alipita kwenye uwazi wa ua akanikuta nimekaa chini, mahindi ya ungo yamemwagika yamenizunguka.

"Mlijua," nikasema.

"Nani hapa hajui hiyo filimbi yako?" alijibu. "Tuliisikia kwa podikasti Ijumaa ile ile. Tulikuwa tunafanya mazoezi nyuma ya zizi langu, ukienda sokoni. Yule wa mtaro wa chini ametusumbua sana, hana ulimi."

Nilimshika mkono nikalia. Lakini nisiseme uongo kwamba hofu iliisha. Hata nikilia nilikuwa nahesabu vinywa vinavyojua. Nilikuwa nadhani siri ni yangu na mwanangu, kumbe ilikuwa ya kilima kizima, na kila kinywa kina shemeji, na kila shemeji ana rafiki mjini.

Binti yangu alipokuja nilimsimulia yote. Niliuliza tena kama ataacha. Alinitaka tu nimsimulie tena ile sehemu ya mwenyekiti na mazoezi ya nyuma ya zizi, akacheka hadi akafuta macho, na macho yakabaki mekundu muda mrefu.

Ijumaa iliyofuata podikasti haikuja asubuhi. Haikuja adhuhuri. Nilipiga simu, haikupatikana. Nilizunguka uani na simu mkononi, mahindi kwenye mfuko wa aproni, nikimwambia Mungu maneno ambayo katekista asingeyakubali. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima simu ilipolia ile ting ndogo.

Nilimsikiliza nimesimama. Anapumua. Hakuna mlango. Alieleza kwamba umeme ulikuwa umepotea, akaomba msamaha, akasema yake hadi mwisho, akaaga. Nilikuwa nimeanza kutoa kidude sikioni niliposikia bado yupo. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa makoti, kisha sauti ile nzito, polepole, ikajaribu: krrr, tio, tio, tio. Filimbi ilimshinda. Hana pengo.

Nilimtukana kwa Kikamba, peke yangu, mtoto asiyesikia, mtoto atakayeniua. Niliogopa kuliko siku ya wale wanaume. Kisha nikatia mkono mfukoni, nikamwaga mahindi chini, nikaita kwa sauti yangu yote, na filimbi kamili mwishoni, hadi kuku wa jirani nao wakaja.