Notere Alikataa Sahihi Yangu

Nilikuwa na wivu. Niseme hivyo mara moja, nisizunguke. Dada mukubwa wa bwana yangu alikuja kututembelea kutoka Kinshasa, wakati ndege zilikuwa bado zinaruka Kavumu, uwanja wetu wa ndege. Kabla likizo haijaisha, binti yangu alikuwa analala naye kitanda kimoja, anakula mu sahani yake, na mimi hataki hata nimusuke. "Wewe unavuta nywele. Maman Kin havute." Maman Kin! Mimi niliyemuzaa nikabakia "wewe".

Yule dada hana mutoto. Akaomba binti yangu akasome Kinshasa, akae naye kabisa. Familia yote ikajaa kwetu sebuleni, wakanizunguka.

"Mutoto anapata bahati, na wewe unakunja uso?" bwana yangu akasema.

Karatasi ilikuwa tayari, imechapwa vizuri: wazazi wanamukabizi shangazi malezi ya mutoto. Nikatia sahihi kwa hasira, ili waninyamazie. Nikajua imeisha. Hapa Bukavu wengi tunafikiri hivyo: unatia sahihi nyumbani, kisha unapelekea notere, yule mukubwa wa serikali anayehakikisha makaratasi, anagonga muhuri, munaenda.

Tukaipeleka ofisini kwake. Notere, papa mumoja wa miwani, hakugonga kitu.

"Nani alitia sahihi hii?"

"Ni mimi, papa."

"Nilikuwepo?"

"Hapana."

"Basi siijue."

Dada akacheka. "Papa notere, mwenyewe si huyu hapa? Gonga tu, ndege haingojee mutu."

"Maman, muhuri yangu haiseme karatasi ni muzuri. Inasema nilimuona mutu, alisikia, akakubali yeye mwenyewe."

Akaisukuma karatasi pembeni, akaomba kadi zetu za uchaguzi, akalinganisha picha na sura, mumoja mumoja. Kisha akatusomea yote kwa Kifaransa, akarudilia kwa Kiswahili. Nikamuambia nimesoma sekondari, Kifaransa naelewa. Akaendelea tu. Na kwa Kiswahili maneno yale yaliuma zaidi: mutoto atakaa kwa shangazi yake, shangazi ndiye ataamua shule, matibabu, safari. Nikaona mutoto wangu ana homa huko, na mwingine ndiye anashika paji lake la uso.

Notere akanigeukia. Bwana yangu akafungua kinywa, notere akamusimamisha kwa mukono.

"Maman, ni mapenzi yako?"

Sebuleni kwetu waliongea sana siku ile. Hiyo hawakuniuliza.

"Hapana," nikasema.

"We! Unatuletea aibu mbele ya watu!" bwana yangu akaruka.

"Papa, mimi aibu siandikake," notere akasema. "Naandika kile mutu anakubali. Maman hakubali." Akaturudishia kadi zetu, akaita wengine waliokuwa wanangoja mulangoni.

Inje, dada hakupiga kelele. Afazali angepiga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unanikatalia juu ya mutoto, ao juu ya wivu?"

"Juu ya wivu," nikamujibu. "Na mutoto ni wangu."

Akasafiri peke yake. Binti akaniuliza nani alikataa aende. Nikamuambia ni mimi. Akanuna, akanigeuzia mugongo kitandani, kesho yake pia. Anune. Ananunia hapa kwangu.