Karatasi Iliyobaki Chini ya Godoro

Mwanangu wa kwanza nyumbani tulimwita mzima. Mdogo wake wa kike ana selimundu, na katika chumba chetu kimoja pale Ilala mtoto alikuwa mgonjwa au mzima, wa katikati hakuwepo.

Siku moja kliniki walimpima na yeye. Nesi akaandika karatasi, akanipa.

"Mama, huyu kabeba kinasaba kimoja tu cha selimundu. Si mgonjwa kama mdogo wake. Mpira acheze, ila juani anywe maji, na miguu ikiisha nguvu apumzike, asilazimishwe. Kocha wake ajue."

Niliitikia. Karatasi nikaiweka chini ya godoro pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa.

Alipotimiza miaka kumi na tisa aliitwa kwenye majaribio ya timu ya vijana, uwanja wa vumbi kule Jangwani. Asubuhi ile alinibebea mabeseni yangu ya biashara hadi Kariakoo kama kawaida, akayapanga, kisha akasimama.

"Mama, kuna fomu. Wanauliza kama una tatizo la afya. Niende na ile ya nesi?"

"Kwani wewe unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi iache. Ukiwapelekea karatasi ya hospitali, watamchukua mtoto wa mwenzangu."

Akacheka. "Haya, bosi wangu." Akaenda.

Yaliyofuata nilisimuliwa na rafiki yake, aliyekuja mbio hadi kwenye mabeseni yangu, miguu imejaa vumbi. Kocha alikuwa na sheria yake: hakuna kugusa maji kabla ya mzunguko wa mwisho, anayekunywa katikati ni mvivu. Jua lilikuwa la saa saba. Mwanangu akakaa chini.

Wenzake wakamzomea. "Wee bibi harusi, inuka! Unasubiri ubebwe?"

"Miguu haina nguvu, kaka."

Wakadhani misuli imekaza, wakamvuta miguu. Kocha akamwambia achague, akimbie au avue jezi. Akainuka. Alikimbia nusu mzunguko mwingine, akaanguka. Wakampakia kwenye bajaji, na hakufika hospitali akiwa hai.

Hakuwaambia habari ya damu yake kwa sababu mimi nilimwambia aiache nyumbani.

Kocha alikuja msibani. Alipiga magoti mlangoni mwa chumba chetu, walimokaa wanawake, mtu mzima, machozi yanamtoka. "Mama, nisamehe. Nilidhani mvivu." Wanawake wote walinitazama. Nilisema, "Nimekusamehe," nikajifunika khanga. Karatasi ilikuwa chini ya godoro lilelile nililokuwa nimeliegemea. Nilimwacha aondoke na mzigo wote peke yake, na watu wakanisifu kwa moyo wangu.

Baada ya arobaini sikuweza tena. Mdogo wake alikuwa ameanza kuniambia, "Mama, yule kocha muuaji," na mimi nanyamaza. Nikachukua karatasi nikashuka Jangwani saa za mazoezi. Pembeni ya uwanja palikuwa na ndoo ya maji na vikombe viwili. Niliambiwa kocha aliileta mwenyewe baada ya msiba.

Nikampa karatasi. Akaisoma amesimama. Akairudia.

"Ulikuwa nayo siku ile msibani?"

"Nilikuwa nayo. Na mimi ndiye niliyemkataza asikuletee. Niliogopa ungemrudisha."

Akatazama uwanjani. Vijana walikuwa wanakunywa maji, wanagombea vikombe.

"Mama, sikufichi," akasema. "Nesi kaandika apewe maji na apumzike. Lakini mimi wa siku zile ningeona neno selimundu tu. Ningemrudisha."

Nilirudi Ilala kwa miguu. Njia nzima nilimwona mwanangu akiingia mlangoni mchana ule, amerudishwa, amenuna, hataki kunisemesha. Anatupa viatu. Anakataa chakula. Mimi nafunika sahani yake, nasubiri njaa imshinde.