Maziwa ya Kopo Juu ya Majani

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, lakini shangazi yangu keshaitangaza Bunju nzima, basi bora mnisikie mie mwenyewe!

Siku wanakuja kuniposa, mama alilihamisha ua langu la ndani, lile nililolilea kutoka kijiti hadi likawa na majani mapana kama sinia, akaliweka sebuleni ubavuni mwa kiti cha mshenga, maana alishawatambia wakwe kwamba bintiye ana mikono ya kutunza. Nikaona majani yana vumbi. Nilisikiaga ukiyafuta kwa maziwa yanang'aa, sasa maziwa freshi hamna, kuna ya kopo, yale mazito matamu ya kupaka kwenye mkate, nikasema maziwa ni maziwa (akili zangu hizo!), nikayazimua kwa maji nikapaka. Yaling'aa, nyie! Nikapiga na picha.

Wageni wakaingia, mie nikafungiwa chumbani na shangazi, si unajua anayeposwa haonekani, nikawa nachungulia penye pazia. Mshenga, mzee wa heshima ndani ya kanzu iliyonyooka, akaanza, "Sie tumekuja kwa wema..." akajikuna shingo. Akaendelea. Akajikuna kwapa. Kutazama vizuri, msururu wa sisimizi, wale wekundu wanaouma, umetoka dirishani, umepanda ua langu, umeshuka kwenye jani refu kuliko yote moja kwa moja shingoni mwa mzee!

Nikajua posa yangu inakufa hivi hivi naiona. Shangazi akanidaka khanga, "We mtoto, kaa!" Nikamwachia khanga mkononi, nikachomoka na kigauni cha kulalia, uso mzima nimepakwa liwa ya urembo, nikamchapa mzee kofi la shingo, paa! Nikaongeza la pili, huku napiga kelele, "Shikamoo! Sisimizi! Shikamoo!"

"Marahaba!" akajibu, naye anaruka.

Baba alijifunika uso. Wageni waliondoka pilau likiwa bado jikoni, siku zikapita simu kimya, nililia mpaka nikalichukia ua.

Halafu asubuhi moja mzee yuleyule akabisha hodi, akasimama kizingitini.

"Ua liko wapi?"

"Nje, mzee," mama akasema.

"Basi naingia. Wote mlikaa mkinitazama, aliyeniokoa ni binti peke yake. Tunamtaka."

Nimeolewa, nyie! Ua ninalo, nalifuta kwa maji ya bomba tu, na maziwa ya kopo hayatakanyaga nyumba yangu hata kwa mkate. Mzee huja kutusalimia, ila nikimkaribisha kiti husema mlangoni panamtosha.