Kichwa cha Udongo Kilichopiga Chafya

Mwenye kucheka acheke. Ulikuwa mchana, sikuwa nimelewa, na shangazi yangu alikuwepo akaona kwa macho yake.

Mimi ni mfinyanzi, huku Sotik. Miaka ya tisini wenzangu walifinyanga vyungu. Mimi nilifinyanga Amerika: kofia za besiboli, raba za wachezaji wa kikapu, chupa za soda, na ndani ya kila kimoja fuvu dogo. Hata huko si wanakufa? Picha za kuiga nilitumiwa na Kiprono, ndugu yangu wa pekee, aliyekwenda huko kukimbia mbio. Nilimpenda kama mboni ya jicho langu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imeanza kupiga majani chai. Nilikuwa nimemaliza kichwa cha kijana aliyegeuza kofia nyuma. Senge, dada ya baba, alipita kwangu akitoka kumpa mtoto jina. Kwetu mtoto hutiwa ugoro kidogo puani, kisha majina ya marehemu yanaitwa. Akipiga chafya, aliyetajwa ndiye amerudi.

Nami, mjinga wa kujitakia, nikachota ugoro wa Senge nikakitia kile kichwa puani.

Nikaanza na marehemu wetu: "Arap Rotich!" Kimya. "Arap Chumo!" Kimya. Nikacheka. "Basi, Kiprono!"

Kikapiga chafya. Niamini! Matope yalinirukia usoni, tena yalikuwa na joto.

Senge aliangusha kikombe. "Wewe! Hiyo jina ni ya mtu ako hai!"

"Ilikuwa mchezo tu, Senge."

"Ameitwa, ameitika. Sasa huko Amerika amebaki nani?"

Sikupata usingizi mzuri mpaka Kiprono aliporudi Krismasi, mzima, akicheka. Nililia kwa furaha. Senge hakulia. Alimpa ugoro kiganja kizima. Kiprono akavuta wote, akatabasamu. Hakupiga chafya. Alipofuta pua, kidole kilitoka na udongo.

Mpaka leo tunaishi naye. Kile kichwa kiko stoo. Naogopa kukichoma, naogopa kukivunja. Nikikivunja nitakuwa nimemuua nani? Mvua ikianza, kichwa hupiga chafya huko ndani, nami husema, "Pole, Kiprono." Ndugu yangu, akiwa mezani, hageuki kuuliza namwambia nani.

Kwa hiyo wewe unayenisikia, usiite jina la aliye hai mbele ya kitu chenye pua. Kikiitika, utapakua chakula kila siku bila kujua unampakulia nani.