Koti la Wifi Lililofukizwa Udi

Jamani chekeni mtakavyo, maana aibu yenyewe nimeshaizoea, lakini mpaka leo nikipita uwanja wa ndege wa Maskati navuta mtandio mpaka puani nisije nikakutana na yule mfagiaji akanikumbuka.

Tulikuwa tunakwenda Vienna, mimi na mume wangu Saidi, mapumziko ya wiki moja, msimu ule majani yanapopukutika huko, na mimi niliyekulia Maskati baridi yangu kubwa ni ya kiyoyozi cha ofisini Al Khuwair, sina hata soksi nzito, sembuse koti. Ndipo wifi yangu Nasra, dada yake Saidi, aliyewahi kusoma Ulaya, akaniletea koti lake jeusi lililojazwa manyoya laini ya bata. Nilishangaa, kwa sababu tangu niolewe mimi na Nasra tulikuwa watu wa salamu za Idi tu, na lile koti lilikuwa kitu cha kwanza alichonipa kwa mkono wake. Nikaapa litarudi kama lilivyokuja, labda tutaanza kuwa ndugu.

"Ila usilifukize udi, wifi," aliniambia mlangoni. "Hili halitaki moto."

Sasa niambieni nyinyi, nguo ya safari itatoka vipi nyumbani kwetu bila udi, tena nguo yenyewe inanuka kabati? Nikasema dakika moja tu, nikaweka chetezo chini, nikalitundika koti juu yake kama ninavyofanya mabuibui yangu, nikaenda jikoni kuepua chai, na cheche moja (moja tu!) ikaruka. Niliporudi nikakuta kitundu mgongoni, kidogo kama cha kifungo, nikakibandika utepe wa gundi, nikajipa moyo kwamba hakionekani.

Saa ya kuondoka akaingia mama mkwe kukagua sanduku, ndiyo kawaida yake, anatoa nguo moja moja na kuzipanga upya. Nikalichomoa koti nikalivaa.

"Mwanangu, joto lote hili?"

"Nnajizoesha, mama."

Basi nikapanda nalo gari, tukatoka Al Khoudh ukoo mzima kuja kunisindikiza, mimi nachuruzika jasho na kiti kinausugua mgongo, na ule utepe ukabanduka bila mimi kujua. Tulipoingia ukumbini naona watu wanageuka kunitazama, nikadhani koti limenipendeza (nikanyoosha shingo kabisa!), kumbe kila hatua naacha manyoya meupe sakafuni, na mfagiaji yuko nyuma yangu na fagio lake, nikisogea anasogea. Bwana mmoja kwenye foleni akapiga chafya mfululizo. Ndipo nikasikia sauti ya Nasra, kubwa, ukumbi mzima ukasikia:

"Wifi! Mbona unanyonyoka?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe kaziba mdomo kwa mkono, Saidi kajifanya anasoma ubao wa safari kama hanijui.

"Nasra, nisamehe," nikasema, na machozi yameshaanza. "Nililifukiza."

Akanivua koti, nami nikajua yamekwisha, hata zile salamu za Idi sitazipata tena. Akaligeuza, akainua kwapa la koti, akanionyesha kiraka kilichoshonwa kwa uzi mweusi.

"Wallahi, ulifikiri nilijuaje kama halitaki moto?"

Akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku langu, nami nikacheka huku nalia. Kisha akatoa pochini plasta za mwanawe, zenye picha za paka, akaziba lile tundu palepale, akanivisha mwenyewe na kunifunga zipu mpaka kidevuni.

Nilizunguka Vienna yote na paka mgongoni na baridi haikunipata, na kila jioni Nasra alinipigia simu kuuliza paka hawajambo. Koti tulilishona pamoja niliporudi, kwake, tukinywa kahawa, na tangu hapo Ijumaa haipiti hatujaonana. Namshukuru Mungu kwa ile cheche, wallahi namshukuru, ila koti la bata na chetezo sitaviweka tena nyumba moja, na safari ijayo nitanuka kabati.