Milango Sita ya Bi Nyuzi

Siku ya kwanza fundi wa vanishi alipomwona, mama yule alikuwa jikoni kwake, amenyoosha uzi mbele ya dirisha. Alikuwa mshonaji mstaafu. Watu walimwita Bi Nyuzi, maana alitofautisha nyuzi mbili nyeusi ambazo wengine waliapa ni rangi moja. Alitaka milango sita ya kabati la vyombo ipakwe upya.

Fundi, mtu wa maneno machache, aliyezoea kula mchana wake amesimama peke yake karakanani, akamletea kipande cha mbao alichojaribia rangi. Nyuma ya kipande alikuwa ameandika namba moja.

"Kimekolea mno," mama akasema. "Keti kwanza, mwanangu, kiti hakiumi."

Cha pili akasema kimefifia kama sare ya shule. Cha tatu kilimeremeta. "Nichanie nywele humo?" Kila alipokuja chai ilikuwa tayari, na hadithi ya gauni fulani aliloshona zamani haikosi.

Wiki ya tano, kwa haraka, fundi akabeba kipande bila kukiangalia. Mama akakisogeza dirishani, akakitazama weee.

"Hiki kimepauka."

Fundi akakigeuza. Moja. Kile kile kilichokuwa kimekolea mno! Na macho ya Bi Nyuzi hayakuwa na kasoro yoyote. Fundi akakitia mfukoni upesi.

"Nitajaribu tena, mama."

Nyumbani kwake fundi pia hakukuwa na wa kumuuliza umeshindaje.

Jumamosi ya wiki ya sita binti wa mama akaja, akakuta kabati limeachama bila milango.

"Milango sita, wiki sita! Wewe ni fundi au mpangaji?"

Neno moja tu lingemsafisha. Bi Nyuzi alikuwa ameinama, anaviringisha uzi kidoleni.

"Kosa langu, dada," fundi akasema. "Rangi ilinishinda."

"Basi Jumanne iwe imekwisha. La sivyo naita mwingine, na mji mzima nitauambia."

Jumanne alasiri milango ikarudi mahali pake, kwa rangi ya kipande cha kwanza. Fundi akafuta brashi moja moja, hata zile safi. Mama akapitisha kiganja juu ya mbao.

"Itadumu miaka mingapi?"

"Kumi, mama, kwa nilivyoipaka."

Mama akamsindikiza hadi mlangoni, akashika kitasa bila kukizungusha. Baada ya hapo hawakuonana tena, na maneno ya mwisho aliyomwambia yalikuwa haya:

"Ungeipaka vibaya kidogo, mwanangu."